Mwaka Maua ya Ng'ambo Yalipochelewa

Bi Kinu Okazeki alibadili nguo mara mbili kwa mwaka, tarehe moja ya mwezi wa sita na tarehe moja ya mwezi wa kumi, na hakuna jua wala mvua iliyowahi kumshawishi vinginevyo. Tarehe thelathini ya mwezi wa tisa ungemkuta na blauzi ya pamba ya mikono mifupi. Kesho yake asubuhi ungemkuta ndani ya sweta la sufu, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, jasho linamchuruzika mashavuni. Ukimwuliza, "Shemeji, huoni joto?" atakujibu, "Naliona. Limekosea tarehe." Kana kwamba joto ndilo lenye kosa, na kwamba likipata akili litakuja kuomba radhi.

Namwita shemeji kwa sababu mumewe, Yasaburo, alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa wadogo, tukikata majani ya ng'ombe wa baba zetu kando ya mto. Hapa Hosotani tulikuwa nyumba thelathini na mbili. Sasa tumebaki saba. Mashamba ya mpunga yaliyokuwa ya jirani yangu wa mashariki yamefunikwa kwa mabamba ya umeme wa jua, na ya jirani wa magharibi yamefunikwa kwa magugu. Mimi sijui lipi ni bora. Magugu angalau hayaning'arii machoni.

Bi Kinu aliletwa hapa kuolewa akiwa na miaka ishirini, akitoka kijiji cha upande wa pili wa mlima, na siku hiyo bwana harusi alichelewa. Bibi harusi alikaa nusu siku na kilemba chake cheupe, miguu imekufa ganzi, wageni wamemaliza pombe ya mchele na kuanza kuulizana maswali, wakati Yasaburo yuko mtoni anamtoa matopeni ng'ombe wa mtu. Alipoingia, tope hadi kiunoni, alisema, "Samahanini, ng'ombe hakujua kama leo kuna harusi." Watu wakacheka. Bi Kinu hakucheka. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba pale pale alikata shauri: katika nyumba hii mmoja atakuwa wa kuchelewa na mmoja wa kuwahi, na habari za ng'ombe asizisikie tena.

Akawa wa kuwahi, miaka hamsini na miwili. Jikoni kwake ilining'inia kalenda ya zamani, ile inayohesabu siku tangu mwanzo wa masika, mapema mwezi wa pili. Siku ya themanini na nane, chai ichumwe. Siku ya mia mbili na kumi, tufani zinakaribia, milango ikazwe. Yasaburo alikuwa akitoka nje, ananusa hewa, anasema, "Bado bado." Bi Kinu anatazama ukutani, anasema, "Tayari." Kisha anakwenda kuloweka mbegu mwenyewe. Mara nyingi alikuwa sahihi, kwa sababu siku hizo hewa na ukuta vilikuwa vinasema kitu kimoja.

Hata kufa, Yasaburo alichelewa. Sisi hapa tuna juma moja mwezi wa tisa, siku tatu kabla na siku tatu baada ya ile siku ambayo mchana na usiku hulingana. Jua huzama magharibi barabara, halipindi kushoto wala kulia, na wale waliokwisha kuvuka wanakuwa karibu nasi kuliko wakati mwingine wowote. Ni juma la Ng'ambo. Yasaburo alilala hospitali mwezi mzima mwaka ule, daktari amekwisha kutuambia tusitegemee, na juma la Ng'ambo likaanza, likafika siku ya kati, likaisha. Alikata roho alfajiri iliyofuata. Bi Kinu alisimama mbele ya kitanda, mbele yangu na mbele ya muuguzi, akamwambia maiti, "Ungekufa jana ungekuta mlango uko wazi. Sasa kabishe hodi peke yako." Halafu akaanza kumnyoosha ukosi wa shati. Aliunyoosha muda mrefu, na ukosi wenyewe haukuwa na kasoro yoyote.

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Majivu ya Yasaburo yako kilimani, chini ya jiwe la ukoo wao, na kutoka barabarani mpaka kwenye jiwe hilo kuna njia ya tuta, hatua mia mbili na kumi, mashamba kulia na kushoto. Njia hiyo ndiyo kazi moja ambayo Yasaburo aliifanya bila kusukumwa. Baba yake alipozikwa, zama zile za kuzika mwili ardhini, fuko walianza kuchimba makaburini. Yasaburo alikwenda milimani akarudi na magunia ya vitunguu vya maua ya Ng'ambo, ambavyo vina sumu na fuko hawavikaribii, akavipanda kaburini na tuta zima kila upande. Kila mwaka, juma lenyewe la Ng'ambo, mashina yakawa yanachomoza ardhini bila jani hata moja, yanafunguka juu kama mkono uliotandaza vidole, mekundu, tuta zima. Miaka sitini hayakukosa. Nilizaliwa hapa, na sikumbuki mwaka hata mmoja yalipokosa.

Nalisema hili kwa sababu mimi ndiye niliyewatia mama na mwana matatani.

Mwezi wa nane mtoto wao Noriaki alikuja kutoka mjini kama ada. Ana miaka hamsini na minane, goti lake la kushoto bovu, na hana ubaya. Ningependa awe na ubaya, ingenirahisishia. Alikaa barazani kwa mama yake, nami nipo, akatoa kijitabu chenye picha.

"Mama, usikasirike kwanza," alisema.

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Endelea."

"Nimeona mahali pazuri pa baba. Ni jengo, karibu na stesheni, dakika tano kwa miguu. Ghorofa ya sita. Unaingiza kadi kwenye mashine, kisanduku chake kinaletwa na mtambo mpaka mbele yako, jina lake linawaka kwenye kioo. Kuna kiyoyozi. Kuna lifti."

"Baba yako hajawahi kupanda lifti bila kushikwa mkono," Bi Kinu alisema.

"Mama, mimi nasema kweli. Siku ukiondoka wewe, nani atapanda kile kilima? Wanangu hawajui hata njia. Mimi mwenyewe goti hili. Jiwe litazama majanini, baba atakuwa mtu asiye na wa kumtembelea. Bora tulifunge kaburi sasa, kwa heshima, mtawa asome sala, fundi aondoe jiwe. Fomu ya wilaya hii hapa. Inataka muhuri wako tu, kaburi limesajiliwa kwa jina lako."

Bi Kinu alikuwa akikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Nami, badala ya kufunga mdomo wangu na kunywa chai ya watu, nikasema:

"Noriaki, wewe mara ya mwisho kuona njia ya baba yako ikiwa nyekundu ni lini?"

Akafikiri. "Nilikuwa sekondari."

"Unaona! Huwa unakuja mwezi wa nane, hakuna kitu, majani tu na mbu. Njoo siku ya kati ya Ng'ambo. Panda ile njia maua yakiwa yamefunguka. Ukifika juu, ukasema bado unataka kumpeleka baba yako kwenye mashine ya kadi, mimi mwenyewe nitambebea."

Nilitaka mtoto aone, basi, moyo umlegee. Lakini Bi Kinu si mtu wa kuacha jambo likielea. Aliweka taulo chini.

"Shemeji amesema vizuri. Nori, njoo siku ya kati. Njia ikiwa nyekundu, baba yako habanduki pale, na neno hili usilirudie mpaka nife. Ikiwa si nyekundu, nitagonga muhuri huo unaoutaka siku hiyo hiyo."

Noriaki alicheka. "Mama, umeanza kamari uzeeni?"

"Kamari ni ya mtu asiyejua matokeo."

Tulicheka wote watatu. Nikimkumbuka yule mzee niliyekuwa, amekaa barazani anajichekea kwa werevu wake, natamani kumpiga kofi.

Tarehe moja ya mwezi wa tisa, siku ya mia mbili na kumi, Bi Kinu alikata majani ya tuta kwa mundu kama kila mwaka. Lazima yakatwe siku hizo, ili mashina yakichomoza baada ya wiki mbili yakute nafasi. Ukichelewa, unakata mashina pamoja na majani. Nilimsaidia upande wa kushoto. Yeye ana miaka themanini na minne, mimi themanini na sita, ikatuchukua siku tatu, na jua lilikuwa la mwezi wa saba. Kijana wa matangazo ya hali ya hewa alikuwa anasema kwenye redio, kwa sauti ya mtu anayeuza sabuni, kwamba majira ya kupukutika majani yamebisha hodi. Yamebisha hodi kwa nani? Nyenje wa kiangazi walikuwa bado wanapiga kelele mitini kama wamelipwa.

Mimi nimechoka na mambo haya. Zamani ulilala usiku mmoja ukaamka umetafuta blanketi bila kujua, na ukitoka nje hewa ina harufu nyingine, na panzi wa usiku wamechukua zamu ya nyenje. Mpunga ulikuwa umesimama wa dhahabu juma la Ng'ambo, wekundu wa maua ukipita katikati yake. Siku hizi wanapanda mpunga wa haraka, unavunwa kwa mashine mwezi wa nane, na Ng'ambo inakuta visiki. Nguo za baridi zinauzwa watu wakiwa na feni. Ohagi, yale matonge yetu ya wali wa kunata yaliyovikwa maharagwe mekundu ya sukari, ambayo mtu hufanya kwa ajili ya wafu wake juma la Ng'ambo basi, dukani yapo mwezi wa nane, kwenye sahani ya plastiki, mawili mawili. Bi Kinu aliyaona siku moja akamwuliza muuzaji, "Haya mnamfanyia nani?" Msichana akasema, "Wateja, bibi."

Tarehe kumi na tano tuta lilikuwa kijani. Tarehe kumi na sita, kijani. Tarehe kumi na nane saa saba mchana, saa ambayo mtu mwenye akili amelala ndani, nilichota maji ya kisimani, yale ya baridi ya kuuma meno, nikapita nyuma ya nyumba yangu nisionekane, nikaenda tutani na ndoo mbili. Nilidhani nikiipoza ardhi labda itadanganyika. Nilipofika kwenye kona, nikamkuta Bi Kinu ameinama na ndoo yake, anamwagia upande wa kulia.

Tukatazamana.

"Unakwenda wapi na ndoo?" akaniuliza.

"Kuosha jiwe la baba yangu."

"Makaburi yenu yako upande wa pili wa kijiji."

"Na wewe je?"

"Nimemwaga kwa bahati mbaya."

"Umemwaga kwa bahati mbaya hatua thelathini?"

"Nyamaza, Tatsuji. Kama umeleta maji, mwaga. Usisimame hapo kama mkaguzi."

Tukamwaga. Siku mbili zilizofuata tulimwaga tena, bila kuficha. Bi Kinu alikuwa akipapasa ardhi kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. "Moto," alikuwa anasema. "Bado moto." Ardhi ilikunywa maji yetu yote na haikutupa hata shina.

Siku ya kati Noriaki alishuka kwenye treni ya asubuhi, amevaa suti nyeusi na jasho limempita mgongoni. Bi Kinu alikuwa amekwisha kutengeneza ohagi kumi na mbili na kuzipanga kwenye sanduku la mbao jekundu la mama mkwe wake. Alikuwa na blauzi ya pamba, maana mwezi wa kumi ulikuwa haujafika. Tulipanda watatu. Tulipofika nusu ya njia, Noriaki akachuchumaa, goti likalia.

"Mama! Hebu ona, hapa."

Mashina matatu. Ya kijani, marefu kama kidole changu cha mwisho, yamefumba.

"Yanatoka," Noriaki alisema. "Ni joto tu, mama. Nimesoma kwamba mwaka huu yamechelewa nchi nzima. Tungoje wiki moja, mbili. Sina haraka."

Namshukuru kwa hilo mpaka leo. Hakuwa amekuja kushinda. Nikalidaka neno lake kabla halijaanguka. "Basi imekwisha, shemeji! Mwenyewe amesema. Tungoje."

Bi Kinu aliendelea kupanda. Juu, mbele ya jiwe, aliweka ohagi, akawasha ubani, akafumba mikono, nasi tukafumba. Halafu akamwambia mwanawe, "Lete karatasi."

"Mama, nimesema tungoje."

"Tulisema siku ya kati. Leo ni siku gani?"

"Siku ya kati, lakini..."

"Njia ni nyekundu?"

Noriaki alinitazama mimi. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyofaa mbele ya kaburi: "Shemeji, wewe mwanamke una kichwa cha jiwe! Kalenda yako imekufa! Siku hazifuati ukuta wa jikoni kwako tena, hakuna kinachokuja siku yake, hata nyenje hawajui ni mwezi gani, na wewe unataka kumng'oa mumeo kwa ajili ya tarehe?"

"Nikianza kusogeza tarehe," alisema, "nitasogeza mpaka lini? Mtu akishasogeza mara moja, anayo siku yoyote anayoitaka. Hiyo si siku tena."

Alitoa muhuri wake kwenye kipochi, akautia wino, akalaza fomu juu ya kifuniko cha sanduku la ohagi, akagonga. Duara dogo jekundu. Kilimani kote siku ile hapakuwa na kitu kingine chekundu isipokuwa hicho na sanduku.

Nilishuka peke yangu. Siku nne sikwenda kwake, na chai nikainywa nyumbani, mbovu.

Tarehe ishirini na saba mvua ilinyesha mchana kutwa, na usiku wake nikatafuta blanketi. Asubuhi nilitoka nikasimama uani, na hewa ilikuwa na harufu ile. Sikufurahi. Nilikasirika kama mtu aliyeletewa mwavuli baada ya kulowa. Sikwenda kutazama tuta, maana nilijua. Mashina ya Ng'ambo yakishapata baridi yanaruka shibiri kwa siku, ukikaa karibu utadhani utayasikia. Kutoka dirishani kwangu niliona tuta likibadilika: kijani chenye madoa, kisha waridi la mbali, kisha siku moja jekundu lote, mstari mmoja kutoka barabarani mpaka kilimani, kama mtu amechana kilima kwa kisu.

Fundi mawe alikuwa ameagizwa tarehe nne ya mwezi wa kumi. Fundi mwenyewe ni Iwao, mwana wa fundi aliyelichonga jiwe hilo hilo, mtu mnene mwenye taulo kichwani. Alileta kile kigari chake kidogo kinachotambaa kwa mnyororo badala ya magurudumu, ambacho ndicho pekee kinachoweza kupita tutani kubeba jiwe. Noriaki alikuwa amefika, na chombo cha majivu kilikuwa kitolewe baada ya mtawa kusoma sala. Mtawa alikuwa njiani. Bi Kinu alisimama mwanzo wa njia ndani ya sweta lake la sufu, vifungo mpaka shingoni, joto limerudi tena baada ya mvua, uso wake unang'aa kwa jasho.

Noriaki alitazama njia kuanzia miguuni pake mpaka juu. Maua yalikuwa yamechomoza hata katikati ya njia, yanamfika magotini, mengi mpaka tuta lenyewe halionekani.

Iwao aliwasha kigari, akasogea hatua tatu, akazima.

"Mimi sipiti hapa," alisema.

"Umeahidi tarehe nne, Iwao," Bi Kinu alisema.

"Nimeahidi tarehe nne, bibi, sikuahidi haya. Haya ni ya wafu, wazee walituonya. Nikiyalaza kwa mnyororo, jioni nitakuta nyumba yangu inawaka moto. Na mke wangu ndani, na bima nimechelewa kuilipa."

"Huna haya, mwanamume mzima."

"Sina, bibi. Ninayo nyumba."

Noriaki akasema polepole, "Mama. Nimeyaona."

Bi Kinu hakumgeukia.

"Mama, fomu iko kwenye mkoba wangu. Sijaipeleka mpaka mwisho, kuna karatasi moja bado. Naweza kuichana hapa hapa. Nilikuwa nimesahau. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananipitisha hapa mabegani, na alikuwa ananiambia nisiguse, nami nilikuwa nagusa..."

"Shemeji," nikasema. "Umesikia."

Ndipo Bi Kinu alipogeuka. Akamtazama mwanawe kwa upole ambao sikuuzoea, nao ukanitisha kuliko ukali wake.

"Nori, mwaka ujao, siku ya mia mbili na kumi, utakuja kukata majani?"

Noriaki akafungua mdomo.

"Usinijibu haraka. Si mwaka ujao tu. Na mwaka wa pili, na wa tatu. Mimi nikiwa sipo. Tatsuji naye, mtazame, mwaka huu alikata upande wa kushoto akapumzika mara kumi na nne, nilihesabu. Siku tatu, kwa mundu, juani, na goti hilo. Majani yasipokatwa, haya hayaonekani. Utakuja?"

Nyenje mmoja aliyebaki alilia mahali fulani, akanyamaza. Noriaki alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri vya mjini. Nilitamani adanganye. Aseme ndiyo tu, tumalize, nani angemshitaki? Lakini ni mwana wa mama yake.

"Sitaweza kila mwaka, mama," alisema.

"Basi," alisema Bi Kinu. "Ndicho nilichotaka kukijua tangu mwezi wa nane. Nilidhani maua yangenijibia."

Hapo nikaelewa, nikazidi kukasirika, maana sikuwa na wa kumkasirikia. Mwanamke huyu alikuwa amejua muda wote kwamba swali ni hilo. Ile siku ya kati yangu, maneno yangu yale ya barazani, yalikuwa ni kumsogezea tu mwezi mmoja wa kutojua.

Iwao alikuwa ameshuka kigarini, amevua taulo, anajipepea. "Sasa mimi nifanyeje, bibi? Nirudi kesho?"

Bi Kinu alitazama njia. Halafu akafanya jambo ambalo katika miaka sitini na tatu sijapata kumwona akilifanya. Alifungua kifungo cha juu cha sweta. Kisha cha pili. Akavua sweta zima, tarehe nne ya mwezi wa kumi, mbele ya watu, akalitundika mkononi.

"Utarudi yakinyauka," alisema.

"Yatanyauka lini?"

"Nitajuaje? Yakinyauka."

Mtawa alipofika tukamrudisha na zawadi ya matunda. Noriaki alirudi mjini. Kesho yake asubuhi nilipita kwa Bi Kinu, nikasikia harufu ya maharagwe ya sukari kutoka jikoni. Nikadhani nimechanganyikiwa. Niliingia, nikamkuta anaviringisha matonge.

"Shemeji, Ng'ambo imekwisha siku tisa zilizopita."

"Najua kusoma."

"Ohagi za nani sasa?"

"Za mtu aliyechelewa." Akanipa bakuli nilishike. "Miaka yote maua yake yalikuwa yananiogopa mimi. Mwaka huu yamemkumbuka mwenyewe. Usisimame, panga."

Siku kumi alipanda kila asubuhi na blauzi yake ya pamba, na mimi nyuma yake. Aliketi mbele ya jiwe akimgombeza Yasaburo kwa mambo ambayo nilidhani ameyasahau, harusi, mbegu, ng'ombe yule, ukosi wa shati. Mimi nilikula ohagi. Zilikuwa tamu kupita kiasi. Nilimwambia, akasema mkono wake umezoea kipimo cha mwezi wa tisa. Siku ya nane ncha za maua zilianza kufifia. Siku ya kumi yalikuwa rangi ya damu iliyokauka, na majani mapya, yale yanayokuja baada ya ua kuondoka, yalianza kuonekana chini.

Tarehe kumi na tano Iwao alipita na kigari chake. Mtawa alisoma, Iwao akafungua jiwe, akaingiza mikono, akakitoa chombo. Kilikuwa kidogo. Bi Kinu alikipangusa kwa taulo lake, akakifunga kwa kitambaa cheupe, mafundo mawili, akampa Noriaki akikumbatie kifuani. Alikuwa amevaa sweta tena, maana siku ile palikuwa na baridi ya kweli.

Akatazama saa yake, kisha akakigonga kile kifurushi kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayemwamsha aliyelala.

"Haya, changamka," alikiambia. "Treni ni ya saa nne na dakika kumi na mbili. Hiyo haikungoji."